Dakika za motari zinapotea mlangoni kwetu

Wiki hii tunaongea juu ya mtu ambaye nyumba nyingi za Pweto zina namba yake katika simu: motari wa mizigo. Ndiye anayeleta mfuko wa unga kutoka depo, ndiye anayepandisha samaki kutoka ziwani mpaka sokoni, ndiye anayetumwa dawa inapohitajika haraka. Kwa baadhi yetu ni mtu wa kupigiwa simu tu. Kwa wengine ni baba wa watoto, ni ndugu mdogo, au ni mtoto wetu wa kuzaa aliyemaliza shule akakosa kazi, tukachangishana ndani ya ukoo tumtafutie pikipiki.

Swali analoulizwa kupita yote ni moja: "Mbona umechelewa?" Analiulizwa na mama mwenye mzigo. Analiulizwa na mwenye pikipiki anayengoja pesa yake ya kila siku. Jioni analiulizwa tena nyumbani, chakula kimeshapoa. Na wengi wao wanalijibu kwa namna moja: kesho yake wanaongeza mwendo.

Hapo ndipo tunataka tukae kidogo, kwa sababu mwendo unadanganya. Tuchukue safari ya kilomita 3 ndani ya mji, kutoka ziwani hadi sokoni na mbele kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, motari anatumia dakika 6. Akijitupa akaenda kilomita 45 kwa saa, anatumia dakika 4. Amepata dakika 2. Akifanya safari 10 za namna hiyo kwa siku, amepata dakika 20, basi. Na amelipa nini kwa dakika hizo 20? Nguvu ya kumgonga mtu au ukuta imezidi mara mbili na robo, na umbali wa kusimamisha pikipiki baada ya kukanyaga breki umezidi kwa kiasi hicho hicho. Mtoto anayefuata mpira barabarani hajui hesabu hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4.

Sasa tuangalie upande mwingine wa siku yake. Anafika kwenye lango. Anapiga simu, simu imezimwa. Anauliza jirani, jirani anamwonyesha nyumba nyingine. Mama anatoka, anasema, "Ngoja kidogo, nitafute makuta." Makuta yanatafutwa chini ya godoro, kwa dada, kwa duka la mbele. Yakipatikana ni noti kubwa, hakuna chenji. Kisha mama anakumbuka kwamba alisema mifuko miwili, si mmoja. Haya yote yakichukua dakika 10, na motari akiwa na milango 10, ni dakika 100. Karibu saa moja na nusu na zaidi, pikipiki imesimama, mtu juani.

Weka hesabu hizo mbili pamoja: dakika 20 anazopata kwa kuhatarisha maisha yake, dakika 100 anazopoteza akiwa amesimama. Sisi wanawake tusingepaswa kushangaa, maana jiko limetufundisha zamani. Anayetaka bukari iwe tayari mapema haongezi moto tu. Maji yameshawekwa, unga umechungwa, mwiko uko karibu, na anayeosha sahani ameshatumwa.

Watu wa masanduku ya chakula

Mfano mzuri wa kazi hii uko mbali na sisi, India, katika mji wa Mumbai. Tunauleta hapa kwa sababu ni habari ya akina mama kama vile ilivyo ya wapelekaji.

Tangu karibu mwaka 1890 kuna wanaume kule wanaoitwa dabbawala. Kazi yao ni kuchukua chakula kilichopikwa nyumbani na kukipeleka ofisini kwa mtu anayekila mchana, kisha kurudisha vyombo vitupu nyumbani alasiri. Kabla ya ugonjwa wa Covid walikuwa karibu watu 5,000, na kwa siku walibeba masanduku ya bati kama 200,000. Hawatumii magari makubwa. Wanatumia baiskeli, miguu, vitoroli na treni za mji. Wengi wao hawakusoma sana. Lakini sanduku likikosea njia ni jambo la kusimuliwa, kwa jinsi lilivyo adimu.

Wanafanyaje? Kila sanduku lina alama zilizopakwa kwa rangi juu ya kifuniko: herufi chache, namba, na rangi. Alama hizo zinasema limetoka mtaa gani, litashuka stesheni gani, jengo gani, ghorofa ya ngapi. Hakuna jina refu, hakuna maelezo ya "ukipita kwa mama fulani uliza tena." Mtu anayechukua masanduku mtaani anafahamu nyumba zake thelathini hivi kama mama anavyofahamu watoto wake. Stesheni wanayapanga upya kwa alama, na treni ikisimama wanayapakia kwa sekunde chache tu, kwa sababu treni haingoji mtu.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi sisi ni hili. Dabbawala anapofika mlangoni asubuhi, sanduku lazima liwe limeshafungwa. Hangoji mchuzi uive. Mama akichelewesha mara kwa mara anaonywa, na asipobadilika wanaacha kumhudumia. Ni ukali, ndiyo. Ila ukimngoja mama mmoja dakika 5, treni imekwenda, na masanduku ya nyumba nyingine zote yamechelewa kwa ajili ya kitoweo chake. Wale watu waliona mapema kwamba muda wa mpelekaji si mali yake peke yake, ni mali ya wote walio mbele yake katika njia.

Hatusemi motari wa Pweto aanze kutuacha na samaki zetu. Tunasema kwamba desturi ya "mzigo uko tayari kabla ya kupiga simu" inaweza kuanza kesho, na haigharimu falanga hata moja. Mama wa samaki anaweza kumaliza kupima, kufunga na kuandika, ndipo aite pikipiki. Leo wengi wetu tunaita kwanza, halafu motari anakuja kututazama tukifunga.

Saa mbili ya nani?

Kuna kitu kingine kinachokula muda wetu na tunakichekea tu. Kati yetu wapo wanaohesabu saa kwa Kiswahili na wapo wanaohesabu kwa Kifaransa. Mama akisema "uje saa mbili," mmoja anaelewa 8h00 ya asubuhi, mwingine anaelewa 14h00. Wote wawili wana haki, na mzigo unakaa juani. Ukiwa na biashara na Kinshasa, ongeza tena: saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa yetu ya Lubumbashi na Pweto kwa saa 1. Ng'ambo ya ziwa, Zambia, wanatumia saa moja na sisi, kwa hiyo huko hakuna shida.

Dawa yake ni ndogo. Katika ujumbe wa simu andika namba: 8h00, 14h30. Kwa mdomo, taja saa pamoja na alama ya siku: "14h00, baada ya chakula cha mchana." Na badala ya kusema "mapema" au "mchana," toa nafasi yenye mwanzo na mwisho: kati ya 9h00 na 10h00. Motari akijua ana saa nzima ya kufika, hatakimbia kona kwa ajili yako, na wewe hutakaa langoni tangu alfajiri.

Mahali pa kufika nako ni vivyo hivyo. Lubumbashi wana majina ya avenue na namba za viwanja, ingawa si kila namba bado inasomeka ukutani. Huku kwetu tunaelekezana kwa mti, kwa kanisa, kwa bomba la maji. Si vibaya, mradi alama iwe kitu kisichohama. "Mbele ya mama anayeuza maandazi" si adresi, maana siku mama huyo akiugua, mtaa wako umepotea. Sema alama mbili: moja ya barabara kubwa, nyingine ya nyumba yenyewe, na rangi ya mlango. Kisha mwambie motari aandike katika daftari lake, ili asiulize tena mara ya pili.

Kwa mamotari wenyewe, na kwa mama wanaowapangia kazi

Kupanga njia ni nusu ya kazi. Tuchukue mji wa Lubumbashi, ambako watoto wetu wengi wamekwenda kutafuta maisha kwa pikipiki. Ruashi iko upande mmoja wa mji, Katuba iko upande mwingine. Kijana anayepokea mzigo wa Ruashi, kisha wa Katuba, kisha tena wa Ruashi, akaenda kwa mpangilio ule ule wa simu zilivyoingia, ameuvuka mji mara mbili bila faida. Mafuta yamekwisha, mgongo unauma, na pesa ni ile ile. Afadhali akae dakika 10 asubuhi na karatasi, aweke milango ya upande mmoja pamoja, amalize huko ndipo avuke.

Na kupakia kunafuata njia. Mzigo wa mwisho kushushwa ndio wa kwanza kupakiwa, chini kabisa au nyuma kabisa. Wa kwanza kushushwa uwe juu, mkononi. Ni jambo linalojulikana, lakini tazama sokoni: mara ngapi motari anafungua kamba zote, anashusha magunia mawili chini ili atoe sabuni iliyo katikati, kisha anafunga upya? Waendesha chukudu wa Goma, wale wa magari ya mbao ya kusukuma ambao mji uliwajengea sanamu, wanapanga mzigo wao kwa uangalifu mkubwa sana, kwa sababu chukudu iliyopakiwa vibaya haichelewi tu, inakuangusha kwenye mteremko.

Kampuni kubwa ya Marekani ya kupeleka vifurushi, UPS, ilianza miaka ya 2000 kupanga njia za madereva wake ili wasikate kushoto mara nyingi. Kule wanaendesha upande wa kulia, kama sisi Kongo. Kukata kushoto ni kuvuka magari yanayokuja mbele yako: unangoja, injini inakula mafuta, na ndipo ajali nyingi zinapotokea. Kwa hiyo wanapenda kuzunguka kwa kulia, hata njia ikirefuka kidogo. Kwa Pweto yenye magari machache jambo hili ni dogo. Kwa kijana aliye Lubumbashi, katika barabara yenye magari mengi ambayo baadhi usukani wake uko kulia, ni neno la kumwambia. Na anayevuka mpaka kwenda Zambia akumbuke kwamba huko wanaendesha kushoto, kila kitu kinageuka.

Halafu pikipiki yenyewe. Cheni, breki, upepo wa tairi, taa: vitazamwe jioni, si asubuhi. Jioni fundi bado yuko na duka la vyuma bado liko wazi. Asubuhi, tairi lililolala bila upepo linakula saa ya kwanza ya kazi, ile saa ambayo samaki wanapanda kutoka ziwani na kila mtu anaita. Simu iwekwe kwenye moto usiku, na mahali umeme unapokosekana, alipe mapema kwa mwenye sola. Motari mwenye simu iliyokufa ni kama duka lililofungwa.

Barabara ndefu

Kati ya Pweto na Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa ya njia ni udongo. Huko muda hauhesabiwi kwa dakika. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, lori moja likizama kwenye matope linaziba njia kwa wote, na mama waliokaa juu ya magunia wanalala hapo na watoto mgongoni. Hakuna motari wala dereva atakayeshinda matope kwa haraka yake. Kinachowezekana ni kuchagua nini kisafiri na lini.

Samaki mbichi asiye na barafu anaanza kuharibika ndani ya saa chache kwa joto letu. Mama anayempeleka mbali kwa kubahatisha anacheza na mtaji wake. Samaki aliyekaushwa vizuri au aliyebanikwa ana siku za kungoja, anaweza kuvumilia lori lililozama. Kwa hiyo uamuzi wa kukausha ni uamuzi wa muda pia: ni kumnunulia dereva wako siku ambazo barabara itamnyang'anya. Mbichi abaki kwa safari fupi za asubuhi, kabla jua halijapanda, ndani ya kikapu chenye majani mabichi au kitambaa chenye maji, na barafu kwa anayeipata. Na mtu asipande pikipiki na samaki hao bila kujua mpokeaji yupo. Simu moja kabla ya kuondoka.

Kuna na miezi ya kufunga uvuvi. Ng'ambo, Zambia inafunga Mweru, ziwa letu la Moero, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, na upande wetu pia kuna kipindi cha kufunga ili samaki wazae. Kwa motari anayeishi kwa kubeba samaki, hiyo ni miezi ya njaa asipojipanga. Vikundi vinavyotaka mtu wa kudumu vinaweza kumpatia kazi nyingine kwa mpango: unga, makala, vifaa vya shule, mizigo ya wagonjwa. Asipopata, ataondoka aende mjini, na Machi mtatafuta mwingine asiyejua milango yenu.

Jambo ambalo kikundi kinaweza na mtu mmoja hawezi ni kuunganisha mizigo. Mama watano wa mtaa mmoja wakiita pikipiki tano siku tano tofauti, wanalipa safari tano. Wakikubaliana siku moja, saa moja, mahali pamoja, mizigo ikiwa na alama ya kila mtu, wanalipa safari moja au mbili, na motari anapata kazi iliyojaa badala ya kuzunguka na nusu ya mzigo. Ugomvi unaokuja hapo ni wa nani alipe kiasi gani. Pimeni kwa uzito, andikeni kabla ya kupakia, na yaishe.

Mwenye daftari

Katika nyumba nyingi za mamotari, ofisi ni mke wake au mama yake. Yeye ndiye anayepokea simu mume akiwa barabarani. Yeye ndiye anayekumbuka nani hajalipa. Yeye ndiye anayesema, "Mama wa kule ametaka kabla ya 10h00." Kazi hiyo haina jina na haina malipo, na wanaume wengine wakiulizwa watasema mke wangu hafanyi kazi, anakaa nyumbani tu. Sisi tunasema ni kazi. Iwe na daftari, na iwe na sehemu yake katika pesa ya siku, hata ndogo, inayowekwa kando kwa mkono wake.

Daftari linatosha kuwa na mistari sita: jina, mahali pa kufika na alama zake, saa waliyoagana, bei, amelipa au bado, na saa aliyofika kweli. Malipo kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kabla ya pikipiki kufika yanaondoa ule mchezo wa chenji. Asiye na simu ya pesa aandae noti ndogo tangu asubuhi.

Na mwenye daftari awe na neno la mwisho juu ya usingizi. Watafiti wamepima: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anaendesha kama aliyekunywa pombe mpaka gramu 0.5 kwa lita moja ya damu. Motari aliyeamka 4h00 kukutana na mitumbwi, ikifika 21h00 ameshafika hapo, hata kama hajagusa chupa. Ikiingia simu ya mzigo wa usiku, mama anaweza kujibu kwa upole, "Baba watoto amelala, atakuja kesho 6h00." Huo si uvivu. Mgonjwa au mama mwenye uchungu ni jambo jingine, tunaelewana.

Kofia ngumu nayo. Mamotari wengi wanaivua kwa sababu ya joto, au wanaining'iniza kwenye usukani mpaka waone polisi. Kofia nzuri iliyofungwa vizuri inapunguza hatari ya kufa katika ajali zaidi ya mara 6, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Kamba ya chini ya kidevu isipofungwa, kofia inaruka kabla ya kichwa kufika chini. Kufunga kunachukua muda mfupi kuliko ule anaoutumia mlangoni kwetu akingoja tutafute makuta.

Kwa wiki inayokuja tunaomba kila kikundi kifanye jambo moja. Mama mmoja wa kila mtaa aandike kwa siku sita, kila pikipiki inapofika kwake: saa iliyofika, saa iliyoondoka, na sababu ya kungoja. Asitaje jina la mtu. Leteni karatasi hizo kwenye mkutano, tuzijumlishe pamoja, na mamotari wawili watatu wakaribishwe kusikiliza na kusema upande wao. Mwenye kalamu ya ziada na alete.